Iwashwe Upya Kila Jumapili

Karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa seva kwa selotepu iliyokwisha kugeuka rangi ya chai. Iliandikwa kwa herufi kubwa, kwa kalamu ya wino mzito: IWASHWE UPYA KILA JUMAPILI. USISAHAU. Haikuwa na tarehe, wala jina la aliyeiandika, wala sababu.

Nilikuwa na miaka 24, na hiyo ndiyo ilikuwa ajira yangu ya kwanza yenye mkataba, katika chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Morogoro. Aliyenitangulia alikuwa amepata kazi Dar es Salaam, akaondoka bila makabidhiano. Aliyenipa funguo za kile chumba, ambacho zamani kilikuwa stoo ya vifaa vya usafi na bado kilinuka dawa ya kupigia deki, ni mhasibu tuliyemwita Mama Neema. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha karatasi.

“Mwanangu, hiki kikaratasi ndicho kila kitu,” akasema. “Ukikifuata utakaa hapa kwa amani.”

Nikakifuata kwa miezi 7. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilipitia ofisini, nikaketi mbele ya ile skrini ndogo, nikatoa amri ya kuzima. Mistari ilishuka mmoja mmoja, huduma hii imesimama, ile imesimama, kisha skrini ikaganda kwenye mstari uleule wa kila wiki. Nilisubiri. Jumapili ya kwanza nilisubiri karibu saa nzima. Jumapili ya tano nilisubiri muda wa kunywa soda. Mwishowe nilikuwa sisubiri tena: nabonyeza kitufe, nakishikilia mpaka taa inakufa, nahesabu hadi kumi, nawasha. Seva inaamka, kila kitu kinafanya kazi, nakwenda nyumbani kula.

Jumapili moja ya Januari haikuamka. Au niseme iliamka nusu. Mfumo uliwaka, lakini faili kuu la hifadhidata, lile lenye akiba za wanachama wote, lilikuwa limeharibika na halikufunguka. Nakala ya mwisho iliyokuwa salama ilikuwa ya Ijumaa usiku. Jumamosi chama kilikuwa kimefungua hadi saa 7 mchana, na Jumamosi ya Januari ndiyo siku watu wanaleta fedha za ada za shule ili wazitoe Jumatatu. Jumatatu hiyo walikuja wakiwa na risiti mikononi, na mashine haikuwa na habari nao.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya jambo ambalo watu wengi hawadhani kama lina historia: kuzima na kuwasha.

Ukianza na wazee wa Unix utakuta tabia moja iliyofanana na uchawi. Kabla ya kuzima mashine, msimamizi aliandika amri ya sync mara tatu, kila moja kwenye mstari wake, ndipo akazima. Vijana waliofundishwa kazi hiyo waliandika mara tatu bila kujua kwa nini isiwe mbili. Sababu ilikuwepo. Kompyuta haiandiki kila kitu kwenye diski papo hapo. Huweka kwanza kwenye kumbukumbu ya haraka, kama mama lishe anavyokusanya oda tano kichwani kabla ya kugeukia jiko. Amri ya sync iliagiza yaliyomo kichwani yateremshwe kwenye diski, lakini katika mifumo ya mwanzo ilirudi kabla kazi haijaisha. Iliagiza tu, haikusubiri. Ukiandika ya pili na ya tatu kwa mkono, diski inapata zile sekunde chache za kumaliza. Utatu wenyewe haukuwa na nguvu yoyote. Baadaye watu wakaanza kuziandika zote tatu kwenye mstari mmoja ili kuokoa muda, na hapo wakawa wameondoa kitu pekee kilichokuwa na maana.

Habari hiyo nilipoisoma nilicheka, kisha nikakumbuka kitufe changu cha Jumapili.

Mwaka 1981 IBM walipotoa kompyuta yao binafsi, mhandisi wao David Bradley alikuwa ameweka njia ya kuiwasha upya kwa kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Alt na Del. Alivichagua kwa makusudi viwe mbalimbali, ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya. Ilikuwa njia ya mkato ya wahandisi waliochoka kusubiri mashine ijikague upya kila wanapokosea. Haikukusudiwa iwe ya mteja. Ikatoka ikaenea duniani kote, na kizazi kizima, mimi nikiwemo, tukajifunza kwamba kompyuta ikileta ukaidi huulizwi kwa nini. Unazima, unawasha.

Sitaki nionekane nadharau kuwasha upya. Kuna ufundi mkubwa ndani yake ukifanywa na watu wanaojua wanachofanya. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikishuka mwezini, kompyuta yake ilianza kutoa kengele namba 1202, baadaye 1201. Rada ambayo haikuhitajika wakati ule ilikuwa inaiibia muda, kazi zikazidi uwezo wake. Kompyuta ile, iliyobuniwa MIT, ilijiwasha upya katikati ya kushuka, zaidi ya mara moja. Kila ilipoamka iliacha kazi ndogondogo na kushika zile za kuongoza chombo palepale zilipoishia. Wanaanga wakatua. Watu wa MIT walikuwa wamekubali tangu mwanzo kwamba mashine itaanguka, wakatumia akili yao kuamua iamke na nini mkononi.

Kinachonikosesha usingizi ni kuwasha upya kwa aina nyingine, kule kunakoandikwa kwenye karatasi na kupokezanwa.

Mwaka 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, jeshi la Marekani lilikuwa na mitambo ya Patriot mjini Dhahran, Saudi Arabia, ya kutungua makombora ya Scud kutoka Iraq. Patriot haikuwa imebuniwa kwa kazi hiyo. Ilibuniwa Ulaya ikifikiriwa, kwa ajili ya ndege za Urusi ya Kisovieti na makombora yaendayo taratibu kuliko Scud, na ilitarajiwa kuhamishwahamishwa: kituo hiki saa chache, kisha kuzima, kufunga virago, kwenda kingine. Jangwani Dhahran ilikaa mahali pamoja ikiwaka mchana na usiku.

Ndani ya kompyuta yake kulikuwa na saa iliyohesabu sehemu za kumi za sekunde. Ili kupata sekunde kamili, programu ilizidisha hesabu hiyo kwa moja ya kumi. Kwetu sisi 0.1 ni namba fupi, safi. Kwa mashine inayojua sifuri na moja tu, moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho tukiiandika kwa desimali, 0.333 na kuendelea. Kompyuta ile ilikuwa na nafasi ya biti 24, basi mkia uliozidi ukakatwa. Kilichopotea kila pigo ni karibu sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Nani angejali? Lakini saa 100 zina mapigo 3,600,000. Zidisha, unapata theluthi ya sekunde. Scud huenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde.

Rada ya Patriot ikishaona kitu, hukisia kitakuwa wapi sekunde inayofuata, na kutazama kijidirisha hicho tu cha anga. Saa ikikosea, kijidirisha kinasogea. Baada ya saa 8 za kuwaka kilikuwa kimesogea mita 55. Baada ya saa 20, mita 137, na hapo shabaha imekwisha kutoka nje ya dirisha. Baada ya saa 100, mita 687.

Dawa ilikuwepo, na ndiyo ileile ya karatasi yangu. Kuzima na kuwasha Patriot kulichukua sekunde 60 hadi 90, na saa ilirudi sifuri pamoja na kosa lake lote. Dakika moja na nusu.

Tarehe 11 Februari Waisraeli, waliokuwa wakitumia mitambo hiyohiyo, walipeleka taarifa kwa Wamarekani: baada ya saa 8 mfululizo, kijidirisha kinasogea kwa asilimia 20. Ofisi iliyosimamia Patriot ilidhani hakuna anayeiwasha kwa muda mrefu namna hiyo bila kuipumzisha. Hata hivyo wakarekebisha programu, na tarehe 16 ikaanza kusambazwa. Tarehe 21 wakatuma ujumbe kwa watumiaji wote kwamba kuwaka kwa muda mrefu sana kunaweza kusogeza kijidirisha. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Ujumbe haukusema.

Hapa huwa nasimama kila ninapofika. Aliyeandika ujumbe ule alikuwa na namba mezani kwake. Alikuwa na 8, na hesabu ya darasa la saba ingempa 20. Namba hiyo ilipotoka mezani kuelekea jangwani ikageuka kuwa “muda mrefu sana”, maneno ambayo kila mtu huyapima kwa kipimo chake. Askari ambaye mtambo wake umewaka siku tatu bila kulalamika ana haki gani ya kujiona amepita muda mrefu sana? Kwa macho yake ulikuwa mzima.

Usiku wa tarehe 25 Februari mtambo mmoja wa pale Dhahran ulikuwa umewaka zaidi ya saa 100. Scud ilikuja. Rada iliiona mara ya kwanza, ikatazama mahali pasipo penyewe, haikuona kitu, ikaachana nayo. Haikurusha hata kombora moja. Scud iliangukia bweni la askari, ikaua watu 28. Kati yao 13 walikuwa wa kikosi kimoja cha akiba kutoka Greensburg, Pennsylvania, kikosi cha kusafisha maji. Hawakuwa wapiganaji wa mstari wa mbele na walikuwa na siku sita tu tangu wafike nchi ile. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake, tarehe 26.

Ripoti ya ukaguzi iliyopelekwa kwenye Bunge la Marekani mwaka uliofuata ndiyo imetuachia namba hizi zote. Wapo wanaobisha, kwa hoja nzito, kwamba Patriot ya wakati ule ilizidishiwa sifa na pengine hata saa sahihi isingewaokoa watu wale. Inawezekana. Lakini mtambo wao haukupewa hata nafasi ya kukosea.

Ungedhani basi kwamba kuweka namba kwenye maagizo kungemaliza tatizo. Palmdale, California, waliweka.

Kituo cha Palmdale huongoza ndege zinazopita anga kubwa la kusini-magharibi mwa Marekani. Mfumo wake wa redio, ule ambao waongozaji huzungumza nao na marubani, ulikuwa umeboreshwa na kuwekewa seva zilizotumia Windows. Ndani yake kulikuwa na kihesabu muda kilichoanzia namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32, yaani 4,294,967,295, kikishuka moja kwa kila elfu moja ya sekunde. Ukigawanya, unapata siku 49.7. Kikifika sifuri mfumo unajizima. Wahusika walilijua hilo, na wakaweka agizo la wazi kabisa: fundi aiwashe upya kila baada ya siku 30. Lilikuwa na namba, na lilikuwa limeachwa nafasi ya karibu siku 20 ya kusahau.

Jioni ya tarehe 14 Septemba 2004 redio zikanyamaza. Fundi hakuwa ameiwasha upya. Mfumo wa akiba, uliowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo, nao ukaanguka mara tu ulipoitwa. Kulikuwa na ndege zipatazo 400 angani mikononi mwa watu waliokuwa wakiziona kwenye skrini bila kuweza kuziambia neno. Waongozaji walitoa simu zao za mifukoni kuviarifu vituo vya jirani. Ilichukua zaidi ya saa tatu, na angalau mara tano ndege zilikaribiana kuliko sheria inavyoruhusu. Hakuna iliyogongana, vifaa vya ndani ya ndege zenyewe, vinavyomwonya rubani kwamba kuna mwenzake karibu, vilifanya kazi yake.

Taarifa za mwanzo zilisema kosa la kibinadamu. Ni kweli, kwa namna fulani. Lakini siku 49.7 si ugonjwa ambao ulikuwa haujulikani. Windows 95 ilikuwa nao uleule, na ilichukua karibu miaka minne mpaka mtu augundue, kwa sababu (huu ni utani wa mafundi, ila sidhani kama ni utani) hakuna Windows 95 iliyowahi kukaa siku 49 bila kuanguka kwa sababu nyingine. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabla ya kufikisha siku 248 mfululizo, kwa kuwa kihesabu kingine, cha mia moja za sekunde, kingefurika na jenereta zote zingeweza kuzimika kwa pamoja. Kila mara dawa ya kwanza ni ileile. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu anapita, anazunguka nyumba, anarudi baada ya siku 49.7.

Nilipokuwa bado nahangaika na ile seva, hadithi iliyonifaa kuliko zote haikutoka duniani. Gari la Spirit lilitua kwenye sayari ya Mars mwanzoni mwa Januari 2004. Siku yake ya 18 huko, likaacha kuzungumza kawaida. Wahandisi wa Pasadena walipata milio tu, vipande vya data visivyo na maana. Polepole wakang'amua kwamba kompyuta yake inajiwasha upya, inashindwa, inajiwasha upya tena. Ilifanya hivyo zaidi ya mara 60. Usiku, ambapo ilipaswa kulala ili kutunza betri, haikulala.

Wakajaribu kuizima. Walikuwa na amri kwa ajili hiyo, jina lake SHUTDWN_DMT_TIL, na zile herufi tatu za katikati ni kifupi cha laana ndogo ya Kiingereza, ile inayomtoka mtu akishachoka. Kwa Kiswahili ningeiita “zimika basi, jamani, mpaka saa fulani”. Kila neno lao lilichukua dakika kama kumi kufika. Gari halikuzimika. Nilipolisoma jambo hilo niliinuka kitini nikatembea kidogo. Hawa ni watu wa NASA, nami ni mtu wa stoo ya deki, na sote tumekaa mbele ya skrini tukiisihi mashine ifunge macho.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Spirit ilikuwa na hifadhi ya flashi ya kutunza mafaili. Kila ilipowaka ilinakili orodha ya mafaili hayo kwenye kumbukumbu ya muda, na orodha ilikuwa imenenepa, kwa kuwa mafaili ya safari nzima ya miezi saba kutoka duniani yalikuwa bado yamo, pamoja na ya siku 18 za kazi. Kumbukumbu ikajaa. Programu ikashindwa, na dawa iliyowekwa ya kushindwa ilikuwa kuwasha upya. Ikiwaka, kitu cha kwanza ni kufungua flashi. Kumbukumbu inajaa. Inashindwa. Siku chache kabla, wahandisi walikuwa wamerusha programu ndogo ya kufuta mafaili ya zamani. Ilikuwa na sehemu mbili. Moja haikufika vizuri, ikapangwa irushwe tena siku ya 19. Gari lilianguka siku ya 18. Ukishasoma habari za Dhahran, huwezi kuacha kuziona hizo tarehe.

Walichofanya hatimaye ni kuituma amri ya kuwaka kilema, yaani iamke bila kuigusa flashi kabisa, itumie kumbukumbu ya muda peke yake. Ikaamka, ikatulia, ikalala usiku. Wakapata nafasi ya kuangalia ndani, wakafuta, na mwanzoni mwa Februari wakaisafisha flashi yote. Gari lililopangiwa siku 90 likaendelea kuzungumza hadi Machi 2010.

Jambo hilo ndilo lililonifundisha swali la kuuliza. Miezi yote ile nilikuwa nikijiuliza kwa nini seva haizimiki. Nilipaswa kuuliza, inasubiri nini?

Ilikuwa inasubiri kisanduku. Nakala zetu za kila usiku zilikuwa zikienda kwenye kisanduku kidogo chenye diski mbili, kilichokuwa chini ya meza ya meneja na kuunganishwa na seva kwa mtandao. Seva ikitaka kuzima, ilikuwa lazima kwanza iachane na kisanduku hicho kwa heshima, imwulize kama ameshaandika yote, ndipo ifunge mlango. Ilikuwa imepangwa isikate tamaa. Ingesubiri jibu hata mwaka. Nami nilikuwa nimeuangalia ule mstari wa skrini Jumapili zote zile na anwani ya kisanduku ilikuwa imeandikwa pale pale.

Lakini kwa nini kisanduku kisijibu? Hili lilijibiwa na Mama Neema, nami nikiwa nimekwisha kufungua seva na kubadilisha waya wa mtandao bure. Nilimwuliza tu kama kuna mtu anayeingia ofisi ya meneja wikiendi.

“Nani aingie?” akasema. “Jumamosi tukifunga nazima soketi zote huko. Luku inakwisha bure.”

Kila Jumamosi saa 7, kwa uaminifu, kwa miaka. Seva ingezimika vizuri siku yoyote ya wiki isipokuwa Jumapili. Na kwa kuwa kisanduku kilikuwa kimezimwa, ndiyo maana hapakuwa na nakala ya Jumamosi usiku. Na kwa kuwa seva haikuzimika, nilikata umeme kwa kitufe huku hifadhidata ikiwa haijamaliza kushusha yaliyomo kichwani. Aliyeandika karatasi alichagua Jumapili kwa wema, ili asiwasumbue watu wa kazini.

Sababu ya kuiwasha upya nayo niliipata, baada ya wiki tatu za kuitazama kumbukumbu ikipungua siku hadi siku. Programu iliyotuma ujumbe wa simu kwa wanachama ilikuwa inaacha kijikazi kimoja kikining'inia kwa kila ujumbe. Siku kumi hivi, kumbukumbu imejaa. Waliotuuzia programu walisema toleo jipya linauzwa.

Ile Jumatatu na siku mbili zilizofuata, Mama Neema na mimi tuliziandika upya shughuli zote za Jumamosi kutoka kwenye nakala za kaboni za vitabu vya risiti. Yeye anasoma, mimi nachapa. Tulizipata zote isipokuwa moja. Mama mmoja muuza mboga wa sokoni alikuwa amepoteza risiti yake, na kaboni ilikuwa imefifia: tarakimu ya kwanza ilikuwa 3 au 8. Yeye alisema ameweka 85,000. Kikao kilikaa, kikasema chama hakiwezi kulipa kwa kukisia, akaandikiwa 35,000. Nilikuwa mlangoni wakati anaambiwa. Hakupiga kelele. Aliuliza, “Kwa hiyo hiyo mashine ndiyo inakumbuka kuliko mimi?” Mwezi uliofuata alitoa akiba yake yote, akajitoa uanachama. Mimi nilijua kwamba mashine haikukumbuka chochote, na kwamba aliyeifanya isahau alikuwa amesimama pale mlangoni na funguo mfukoni. Sikusema. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja.

Niliandika karatasi mpya, ukurasa mzima kwa taipu. Iwashwe upya kila Jumatano jioni, kisanduku cha meneja kikiwa kimewaka. Isikatwe umeme kwa kitufe. Ikiganda, soma mstari wa mwisho uone inamsubiri nani. Kisanduku kiwe na soketi yake isiyozimwa. Sababu ni programu ya ujumbe. Ikinunuliwa mpya, karatasi hii itupwe. Niliweka tarehe na jina langu na namba ya simu. Mama Neema aliisoma yote akiwa amesimama.

“Ndefu hii, mwanangu,” akasema. “Nani ataisoma?”

Niliondoka baada ya miaka miwili. Mwaka jana kijana anayefanya kazi ile sasa alipata namba yangu kwa Mama Neema, ambaye yuko karibu kustaafu, akanipigia. Aliniamkia kwa heshima iliyonizeesha. Alitaka kujua kama ile seva, ambayo siku hizi ni nyingine kabisa, mpya, na programu ya ujumbe mpya, bado kuna sababu ya kuizima katikati ya wiki wakati watu wanafanya kazi. Nikamwambia asome ule ukurasa ubavuni.

“Hakuna ukurasa, kaka,” akasema. “Kuna kikaratasi tu.”

Nikamwomba anisomee.

“Iwashwe upya kila Jumatano. Usisahau.”